Typhoon ni neno la nani?

Wanafunzi wa China wanaosoma Kiingereza wana mbinu moja wanayoipenda sana, ingawa walimu wao huikunjia uso: kulitafutia neno geni sauti za nyumbani. Neno pest, lenye maana ya mdudu mharibifu, wanalikariri kama pāi sǐ tā, yaani "mpige kofi afe". Ambulance, gari la wagonjwa, linageuka ǎn bù néng sǐ, ambayo ni kama mtu kusema "mie sifi ng'o". Ni mzaha, lakini ukishalisikia neno kwa namna hiyo halikutoki tena kichwani.

Kuna na kundi la pili, linalojiona makini zaidi. Hawa hukariri mizizi ya Kilatini na Kigiriki. Mbinu hiyo ilienea sana kupitia shule za mitihani kama New Oriental, iliyoanzishwa na Yu Minhong huko Beijing mwaka 1993, ambako kijana anayetaka kwenda kusoma Marekani alimeza maelfu ya maneno kwa kuyakata vipande na kukipa kila kipande maana yake.

Mara nyingi makundi haya mawili hayakutani. Yanakutana kwenye neno typhoon, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Wa kundi la sauti anasema hili halihitaji hata mbinu: kwa Kichina dhoruba hiyo ni táifēng, fēng ni upepo, basi Waingereza walilichukua kwetu, kwisha maneno. Wa kundi la mizizi anafungua kamusi na kumkuta Typhon, jitu la hadithi za Wagiriki, baba wa pepo za dhoruba. Akishuka mistari miwili chini anakuta Kireno tufão, na chini yake Kiarabu ṭūfān.

Na hapo msomaji wa Kiswahili naye anainua mkono. Tufani hiyo ni yetu pia!

Kwa hiyo tuna dhoruba moja na wadai wengi, na kila mdai ana sauti inayofanana na neno linalogombewa. Kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi kitu. Pest linalingana vizuri kabisa na pāi sǐ tā, lakini halina undugu wowote na Kichina; lilipita Kifaransa likitokea Kilatini, pestis, yaani tauni. Anayetaka kujua asili ya neno sharti aulize mambo mengine: lilionekana kwanza mwaka gani, mahali gani, kinywani mwa nani, na lilitamkwaje wakati huo. Typhoon ni neno zuri la kufanyia kazi hiyo, maana ushahidi wake umebaki kwenye maandishi ya mabaharia.

Tuanze na ushahidi wa zamani kabisa upande wa Kiingereza. Mwaka 1588 ilichapishwa London tafsiri ya safari za mfanyabiashara wa Venice aitwaye Cesare Federici, aliyezunguka India na Pegu, sehemu ya Myanmar ya leo, kwa miaka mingi. Mtafsiri alikuwa Thomas Hickock. Federici anasimulia kwamba katika bahari za Mashariki dhoruba si za mara kwa mara kama kwingineko, ila kila baada ya miaka kumi au kumi na miwili hutokea moja isiyosadikika isipokuwa kwa aliyeiona kwa macho yake, na hakuna ajuaye itaangukia mwaka upi. Yeye iliangukia mwaka wake. Ilipiga siku tatu, usiku na mchana, ikachukua matanga na usukani. Mlingoti wakaukata wenyewe wakautupa baharini, na watu sitini hawakuwa na kazi nyingine ila kuchota maji na kuyamwaga nje. Dhoruba hiyo anaiita touffon.

Mambo mawili yaangaliwe hapo. La kwanza ni mahali. Federici hakuwa kwenye bahari ya China. Alikuwa Ghuba ya Bengali, kwenye njia ya Pegu na Chittagong. Bandari zile zilijaa Waislamu wa Bengali, Waajemi, Waarabu na Wareno, na kwa Kiajemi, kwa lugha za India ya kaskazini na kwa Kiarabu neno la dhoruba lilikuwa lile lile, tufan. Mchina angeweza kufika pale, ndiyo, lakini hakuna sababu ya kumwita shahidi aliye mbali wakati walio karibu wanatosha.

La pili ni irabu, na kwangu hili ndilo lenye uzito zaidi. Touffon. Silabi ya kwanza ni tu. Haina i wala haina a. Kireno nacho kinasema tufão, kwa tu. Miaka mia moja na kitu baadaye, mwaka 1699, baharia Mwingereza William Dampier alichapisha maelezo yake juu ya pepo za dunia, naye aliandika tuffoon. Safari hii tupo kwenye bahari ya China kweli, maana mwaka 1687 Dampier alikumbwa na dhoruba kali karibu na pwani ya kusini ya nchi hiyo, lakini irabu bado ni u. Kama Waingereza wangelitoa neno moja kwa moja kwenye vinywa vya Wachina, tungetarajia tai tangu mwanzo, kwa sababu hakuna lahaja kubwa ya Kichina inayouita upepo huo tu-fung. Maandishi yenye tai, tay na ty yanakuja baadaye, Waingereza walipokwisha kuzoea kufanya biashara Guangzhou, bandari ya kusini ya China.

Dampier anastahili sentensi mbili zaidi, maana alikuwa na jicho. Anaeleza kwamba kabla ya dhoruba hali huwa nzuri, kisha upande wa kaskazini-mashariki huonekana wingu jeusi tii karibu na upeo wa macho, juu yake rangi inafifia kama shaba. Upepo unavuma kwa nguvu kutoka kaskazini-mashariki kwa muda wa saa kumi na mbili hivi, pamoja na radi na mvua nzito. Halafu kimya kabisa, kama saa moja. Halafu unageuka na kuvuma kutoka kusini-magharibi kwa ukali ule ule. Hilo ni jicho la kimbunga likipita juu ya mtu, limeelezwa na mtu ambaye hakuwa na ramani wala chombo cha kulionyesha. Alitambua pia kwamba dhoruba hii na zile za visiwa vya Karibi hazina tofauti yoyote ila jina. Tutarudi kwenye majina.

Sasa hii tufan yenyewe. Kwa Kiarabu ṭūfān ni neno la kale. Limo katika Qurani mara mbili: katika Sura ya 29, aya ya 14, ndiyo gharika iliyowachukua watu wa Nuhu baada ya yeye kukaa nao miaka elfu kasoro hamsini, na katika Sura ya 7, aya ya 133, ni mojawapo ya adhabu zilizowashukia watu wa Firauni. Angalia kwamba hapo maana ni maji, si upepo. Wanaolitafutia mzizi ndani ya Kiarabu huliunganisha na ṭāfa, kuzunguka, ambako ndiko linakotoka neno letu tawafu, kuizunguka Kaaba. Wengine huona limetoka Kiaramu, lugha ndugu, ambako neno linalolingana nalo lina maana ya gharika na mzizi wake unahusu kufurika na kuelea. Kwa vyovyote, neno lilikuwa limetulia kwenye Kiarabu karne tisa kabla Mreno wa kwanza hajaonekana kwenye Bahari ya Hindi. Kwa hiyo dai kwamba Waarabu walilipata kwa Wachina wa Guangzhou halisimami.

Kutoka gharika hadi upepo si mbali. Kwa mtu aliye chomboni, tofauti ya maji yanayomwagika kutoka juu, maji yanayopanda kutoka chini na upepo unaoyasukuma yote mawili ni ya kinadharia tu. Kiajemi na Kihindi vililitumia kwa dhoruba, mabaharia wakalieneza, na Kiswahili kikalipokea likiwa limekwisha kupata maana hiyo: tufani kwetu ni upepo mkali wenye mvua na radi, na ya Nuhu tumeiachia neno gharika.

Wareno ndio waliolibeba kuelekea mashariki zaidi. Walifika India mwaka 1498, wakaiteka Malaka mwaka 1511, wakajijenga Macau kuanzia mwaka 1557. Walisafiri na marubani wa Bahari ya Hindi, walizungumza na watu wa bandari, na maneno ya bandari yakaingia Kireno. Walipokuta kusini ya China dhoruba za aina ile ile, tayari walikuwa na jina mfukoni.

Na Mgiriki? Mgiriki ana kesi ya kuvutia na ushahidi mwembamba. Typhon katika mashairi ya Hesiod ni jitu lenye vichwa mia vya nyoka. Zeus analishinda na kulitupa kuzimu, na kutoka kwake huja pepo mbaya zinazotawanya merikebu na kuua mabaharia. Aristotle alitumia jina hilo hilo kwa upepo wa kuzunguka. Agano Jipya nalo, katika Matendo ya Mitume 27:14, Paulo anapopelekwa Roma na merikebu inapokumbwa na upepo karibu na Krete, Kigiriki cha asili kinauita upepo ule typhonikos. Maana inalingana, sauti inalingana, tena miaka yenyewe ni ya kale. Kinachokosekana ni njia. Hakuna aliyeonyesha waziwazi ni lini na wapi Kigiriki kiliwakabidhi Waarabu neno hilo, na kwa kuwa Kiarabu na Kiaramu vina mzizi wao wenyewe unaotosha, inawezekana kabisa typhon na ṭūfān ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Wapo wataalamu wanaosema lilipita, wapo wanaosema halikupita. Mimi nasimama na wasiosadiki, ingawa sitamgombeza anayesadiki.

Ila Mgiriki ana alama yake kwenye neno la leo, nayo ni tahajia. Kwa nini typhoon liandikwe kwa y na ph? Wareno waliandika f, Dampier aliandika f. Hiyo ph ni kazi ya wasomi wa Ulaya waliokuwa wamelishwa Kigiriki shuleni: waliona touffon na tuffoon, wakamkumbuka Typhon, wakalivisha neno la mabaharia vazi la kisomi. Katika karne ya 19 tahajia hiyo ilishinda nyingine zote. Mwanafunzi wa Kichina anayekariri mizizi akiona y na ph anadhani ameona damu ya Kigiriki, kumbe ameona nguo. Damu ya Kigiriki ya kweli iko kwenye neno la jirani: typhus, ugonjwa, linatoka kwenye typhos, moshi au ukungu wa akili, ile hali ya mgonjwa wa homa kali kuweweseka, na kutoka hapo likapatikana jina la typhoid, taifodi yetu ya kila siku.

Imebaki China, na China ndiko jambo lilikotatanika zaidi.

Kwanza, Wachina walikuwa na neno lao la dhoruba hizi tangu zamani, na halikuwa táifēng. Lilikuwa jùfēng. Maandishi ya karne ya 5 kuhusu nchi za kusini yanaeleza kwamba jù ni upepo unaotoka pande zote nne, na yanaongeza kwamba wengine huuita "upepo wa hofu", kwa herufi nyingine inayotamkwa vile vile. Ufafanuzi ni mzuri ajabu: upepo wa pande zote nne ndicho hasa anachokiona mtu aliyesimama mahali pamoja huku kimbunga kikimpitia. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, afisa wa dola aliyetaka kuripoti maafa ya pwani ya Guangdong au Fujian aliandika jù.

Herufi ya tái, 颱, ni mgeni wa jana. Inajitokeza kwenye vitabu vya maelezo ya mkoa wa Taiwan vya mwishoni mwa karne ya 17, baada ya dola ya Qing kukitwaa kisiwa hicho mwaka 1683. Waandishi wa vitabu hivyo walilazimika kueleza tofauti: upepo mkubwa na mkali ni jù, unaozidi hapo ni tái, jù huja ghafla na kukoma ghafla, tái huvuma usiku na mchana bila kukoma. Ni dhahiri walikuwa wakiandika neno walilolisikia kwa wenyeji, wakalitungia herufi: upande mmoja alama ya upepo, 風, upande wa pili alama ya sauti, 台.

Wenyeji hao walisemaje? Wasemaji wa Kihokkien wa Fujian na Taiwan huiita dhoruba hiyo hong-thai hadi leo. Hapo ndipo kesi ya Taiwan inapoyumba. Mwaka 1880 Friedrich Hirth, Mjerumani aliyefanya kazi kwenye forodha ya China na mjuzi mkubwa wa maandishi ya Kichina, alitetea kwamba typhoon limetoka huko. Lakini hong-thai lina mpangilio wa kinyume, upepo kwanza na thai baadaye, na zaidi ya hayo halina f. Kihokkien hutamka upepo kwa h. Ili upate f inabidi uhamie kwa wasemaji wa Kikantoni, Kichina cha Guangzhou, ambao kwao upepo ni fung.

Na Kikantoni ndicho kinachotoa kesi bora ya Kichina: daai fung, "upepo mkubwa". Hilo si jina rasmi la kitu chochote, ni maelezo tu, kama vile mtu wa Lamu angeulizwa na mgeni kwa nini chombo hakitoki leo akajibu, "upepo mkubwa, bwana." Lakini hebu tazama kilichotokea. Mwingereza yuko Guangzhou, tayari ana tuffoon kichwani, amelipata kwa Wareno. Anamwuliza mwenye mashua wa pale, naye anamjibu daai fung. Mwingereza anasikia neno lake mwenyewe likitamkwa kwa lafudhi ya kigeni kidogo. Anarekebisha irabu: tu inakuwa tai. Mwisho wa neno unabaki ule ule. Kwenye maandishi ya Kiingereza ya karne za 18 na 19 unakuta maumbo ya ukoo wa tu na ya ukoo wa tai yakiishi pamoja, hadi yakaishia kwenye typhoon: irabu ya kwanza ya Kikantoni, f ya kila mtu, tahajia ya Kigiriki, na nyuma ya yote safari ya Kiarabu na Kireno.

Ndiyo maana jibu la "Kichina au Kiarabu?" linawaudhi watu wa mitihani. Neno liliingia Kiingereza likiwa la Kiarabu kwa mkono wa Mreno. Kisha Kichina kikalikamata njiani na kulibadilisha umbo. Kamusi inayoandika chanzo kimoja tu inamficha mwanafunzi nusu ya habari, na ile inayosema tu kwamba "limetoka Kichina táifēng" ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu táifēng kama neno la kawaida la Kichina ni changa kuliko touffon ya mwaka 1588.

Uchanga wake una hadithi. Neno hilo lilipata hadhi ya kisayansi kwanza Japani. Wajapani wa zamani walikuwa na nowaki, pepo za vuli zinazolaza nyasi za mabondeni. Mwishoni mwa enzi ya Meiji, iliyokwisha mwaka 1912, mtaalamu wa hali ya hewa Okada Takematsu alilisimika 颱風, kwa Kijapani taifū, kuwa jina la kitaalamu la dhoruba za Pasifiki ya magharibi. China nayo ikalitumia kwa maana hiyo. Mmoja wa waanzilishi wa elimu ya hali ya hewa nchini humo, Zhu Kezhen, alikuwa amepata udaktari wake Harvard mwaka 1918 kwa utafiti juu ya dhoruba hizo hizo. Kizazi chake kilisoma typhoon kwa Kiingereza na kuandika táifēng kwa Kichina, na kulinganisha kwao maneno hayo kila siku ndiko kulikoyafanya yaonekane mapacha.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuuliza kama thai ya wenyeji haikuwa yenyewe mwangwi wa tufan, iliyoachwa na Waarabu na Waajemi waliofanya biashara Quanzhou, bandari ya Fujian yenye msikiti uliojengwa mwaka 1009. Ni dhana inayonoga kuisimulia. Lakini ili iwe kweli inabidi tufan ipoteze silabi yake ya pili na kubadili irabu ya kwanza, kisha ikae karne kadhaa bila kuandikwa na mtu. Napita.

Halafu kuna mkasa wa herufi, ambao mwanafunzi wa leo anaukuta bila kujua umetoka wapi. Katika mageuzi ya maandishi ya miaka ya 1950 China bara ilipunguza mistari ya herufi nyingi, na 颱 ikafutwa ikapewa nafasi ya 台, ambayo ilibebeshwa pia kazi ya herufi za jukwaa, meza na jina la Taiwan. Matokeo yake kijana wa Shanghai akiona 台风 anaweza kudhani ni "upepo wa Taiwan", kwa kuwa dhoruba nyingi zinapitia upande huo kweli. Tena 台风 ina maana nyingine kabisa: mwenendo wa msanii jukwaani, jinsi anavyosimama na kuwateka watazamaji. Mwimbaji anaweza kusifiwa kwa táifēng yake wiki ile ile ambayo táifēng nyingine imeng'oa mapaa ya nyumba. Alama ya upepo iliyokuwa ikitenganisha maneno hayo imeondoka, na pamoja nayo umeondoka ushahidi kwamba 台 hapo ilikuwa sauti tu.

Jùfēng, neno la kale, halikufa. Lilipewa kazi ng'ambo. Katika Kichina cha leo jùfēng ndiyo tafsiri ya hurricane, dhoruba ya Atlantiki, ambayo kwa Kiingereza jina lake limetoka kwa Wataíno wa visiwa vya Karibi kupitia Kihispania. Kwa hiyo neno ambalo Wachina wa karne ya 5 walilitunga kwa ajili ya upepo wa pwani yao sasa linavuma Florida, na pwani yao inatumia neno lililopata umbo lake Taiwan na hadhi yake Japani. Mtafsiri wa Kichina akikutana na jù kwenye kitabu cha kale akaligeuza kuwa hurricane, amefuata kamusi na amekosea bahari.

Kwa matumizi ya leo, kanuni ni ya kijiografia na haina ugumu. Dhoruba ya kitropiki ikifikia upepo wa kilomita 118 kwa saa, kaskazini-magharibi mwa Pasifiki inaitwa typhoon, Atlantiki na mashariki ya Pasifiki inaitwa hurricane, na Bahari ya Hindi inaitwa cyclone, neno lililobuniwa na Henry Piddington wa Kolkata katika miaka ya 1840 kutokana na Kigiriki cha duara. Mpaka kati ya typhoon na hurricane ni mstari wa longitudo wa nyuzi 180. Agosti 2023 dhoruba Dora ilianza mashariki ya Pasifiki kama hurricane, ikapita kusini ya Hawaii, ikavuka mstari ule na siku hiyo hiyo ikawa typhoon, bila upepo wake kujua. Wachina wenyewe wanagawanya zaidi: kuanzia mita 32.7 kwa sekunde ni táifēng, kuanzia 41.5 ni táifēng kali, na kuanzia 51 ni táifēng ya kupindukia.

Kiswahili hakikufuata mipaka hiyo. Vyumba vya habari vyetu vinaita zote kimbunga: Haiyan iliyoipiga Ufilipino mwaka 2013 ni kimbunga, Katrina ya New Orleans mwaka 2005 ni kimbunga, na Hidaya iliyoikaribia Mafia Mei 2024 ni kimbunga. Sina ugomvi na kimbunga, ni neno letu na linaeleza mzunguko. Lakini ya Ufilipino ningependa kuiona ikiitwa tufani, kwa kuwa ndilo neno lile lile lililofika kule kwa merikebu. Ile ya Unguja ya Aprili 1872, iliyozamisha merikebu za Sultan Barghash na kulaza mikarafuu ya kisiwa kizima, sidhani wazee wa pale walihitaji Mwingereza awafundishe jina lake.

Tangu mwaka 2000 dhoruba za kaskazini-magharibi mwa Pasifiki hupewa majina kutoka orodha ya 140, iliyochangiwa na nchi na maeneo 14, kila mmoja majina kumi. China ilipoombwa kuchangia ilitoa Fengshen, mungu wa upepo. Dianmu, mama wa umeme wa radi. Wukong, yule mfalme wa nyani asiyetulia. Na Longwang, mfalme joka wa bahari. Longwang aliipiga Taiwan na Fujian mwaka 2005 kwa madhara makubwa kiasi kwamba jina lake lilistaafishwa, akawekwa Haikui badala yake. Mwanafunzi wa Kichina akisoma leo kwenye gazeti la Kiingereza maneno "Typhoon Fengshen", kipande cha pili ni Kichina bila ubishi wa mtu.